Stroberi ni kazi ya Wamapuche, Frézier aliibeba tu

Ukiuliza stroberi hizi kubwa zilifikaje Ulaya, utatajiwa Amédée-François Frézier. Alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 1712 Mfalme Louis wa 14 alimtuma Chile na Peru kupeleleza ngome za Wahispania, naye akajifanya mfanyabiashara. Alirudi 1714 na miche ya stroberi kutoka Concepción, mji wa Chile, na tangu hapo sifa zote zimekuwa zake.

Sikubaliani na mgawo huo wa sifa. Frézier hakuokota tunda la porini. Wamapuche, wenyeji wa asili wa Chile, na jamaa zao walikuwa wamelilima vizazi na vizazi kabla Wahispania hawajatia nanga, wakichagua mmea unaozaa matunda makubwa na kuuendeleza. Yeye mwenyewe aliandika kwamba aliyakuta mashamba mazima, matunda yakiwa na ukubwa wa kokwa la mjozi na mengine yakifikia yai la kuku. Wakati huo Wazungu walikuwa wakila vistroberi vya msituni, visivyozidi ncha ya kidole.

Haki yake simnyimi. Safari ya kurudi ilichukua miezi sita na maji ya kunywa melini yalikuwa ya kupimiana. Miche mitano tu ilifika hai, na miwili ilibidi ampe msimamizi wa shehena aliyekubali imwagiliwe.

Lakini ilipopandwa Ufaransa ilichanua tu, matunda hakuna. Kwa kuchagua iliyozaa vizuri kule Chile, Frézier alikuwa amebeba mimea ya kike mitupu, akaiacha nyuma ile yenye chavua. Mashambani kwa wenyewe yote miwili ilikuwapo. Uzao wa maana ulipatikana baadaye, hasa Brittany karibu na Brest, ilipopandwa jirani na stroberi ya Amerika Kaskazini na chavua ikavuka. Mwaka 1766 kijana Antoine Nicolas Duchesne akaeleza kwamba tunda jipya lilikuwa chotara wa hizo mbili. Chotara huyo ndiye anayelimwa leo karibu dunia nzima, hata Limuru.

Kwa hiyo ninaposoma "Frézier aliwapa Wazungu stroberi" bila Wamapuche kutajwa hata kwa mstari mmoja, naudhika kwelikweli. Mzazi yule wa Chile hajapotea. Huko Purén, kusini mwa nchi, wakulima wadogo bado wanalima stroberi nyeupe ya asili. Anayetaka kuwashukuru wenye tunda lao anajua pa kwenda.