Shemeji na Mifupa ya Mgombani

Daktari aliponipima presha alisema nyama nyekundu basi. Mama Zuhura akalishika agizo kuliko daktari mwenyewe: asubuhi dagaa, mchana migebuka ya mawese, usiku kuhe. Mtaa mzima wa Mwanga akautangazia kwamba mumewe siku hizi ni mtu wa ziwa. Na Kigoma hii ukisema hivyo, nani atabisha?

Mambo yalikwenda vizuri mpaka shemeji alipokuja likizo. Anasoma mambo ya kale chuoni, na kijana yule haoni jalala akapita. Jioni narudi, namkuta katandika gunia uani, kapanga mifupa mafungu mafungu, kila mmoja anausugua kwa mswaki. Mswaki nikautambua, ni wangu. Mifupa nayo nikaitambua.

"Karibu shemeji! Namweleza dada habari za watu wa kale."

Akaanzia Pinnacle Point, Afrika Kusini, pwani kabisa, ambako watu walikula kome miaka kama 164,000 iliyopita. Sikuwa na neno. Kisha akahamia pango la Panga ya Saidi, Kilifi, kilomita kama 15 tu kutoka baharini. Watu wameingia na kutoka pale kwa miaka 78,000, lakini mifupa waliyoacha mingi ni ya wanyama wa nchi kavu. Vya baharini ni haba, na makombe mengine yaligeuzwa shanga.

"Kwa hiyo dada, mtu kukaa karibu na maji si ushahidi kwamba anakula samaki."

Dada mtu akanigeukia taratibu.

"Mbwa hao!" nikawahi. "Wanaokota buchani, wanakuja kufukia kwenye migomba yetu."

Shemeji akasogeza mfupa kwenye taa. Jino la mbwa, akasema, huacha vishimo na mikwaruzo mipana. Kisu huacha mstari mwembamba wenye kingo kali. Mistari ilikuwepo, karibu na kiungo, imefuatana kama ya daftari. Ncha ya pili imepasuliwa, uboho umenyonywa mpaka mwisho. "Na mbwa hachomi," akaongeza, akionyesha weusi wa moto. (Ada yake ya muhula uliopita nilichangia mimi.)

Halafu ikaja hesabu. Mbuzi mmoja ana mfupa mmoja tu wa paja la kushoto. Kwenye gunia ilikuwepo mitatu. Basi mbuzi walioliwa hapa hawapungui watatu.

"Watatu?" Nikapandwa na hasira. "Mbuzi watatu mimi? Mguu tu huwa tunanunua, tena nachangiana na fundi baiskeli!"

Hata jirani aliyekuwa anatwanga kisamvu ng'ambo ya ua aliacha kutwanga.

Mama Zuhura akavaa kanga yake ya pili, akatoka kumtafuta fundi baiskeli. Shemeji akafungua daftari.

"Shemeji, mlichomea mkaa au kuni?"