Daktari wa kwenye simu awajibike kwa nani?

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina baraza lake la madaktari, Bara ina lake, na daktari bingwa aliyesajiliwa Bara bado hajasajiliwa Zanzibar. Wanaotaka tiba ya mbali, yaani daktari wa Bara kumtibu mgonjwa wa Zanzibar kwa simu, iachiwe huru wanaliona sharti la kusajiliwa Zanzibar kuwa ni urasimu mtupu. Hoja wanayo: mgonjwa wa presha wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, huteremka hadi bandari ya Mkoani, akapanda boti ya Unguja, pengine na nyengine ya Dar es Salaam, ili aambiwe aongeze kidonge. Kazi hiyo simu inaiweza, almuradi presha ipimwe sawasawa: akae ametulia dakika 5, mkanda wa kipimo uenee mkono wake na uwe usawa wa moyo, apimwe mara 2. Mkanda ukiwa mdogo, presha husoma juu, na mtu huongezewa dawa asiyoihitaji.

Lakini usajili hauthibitishi ujuzi tu. Unaonyesha malalamiko yanapelekwa wapi. Chukua eksirei ya mkono. Filamu huwekwa kwenye kioo cha taa, ikapigwa picha kwa simu, ikatumwa WhatsApp. WhatsApp huibana picha ili iende haraka, na mstari mwembamba wa ufa wa mfupa huweza kupotea humo. Kuituma kama faili hupunguza hasara, ila mng'ao wa taa hubaki palepale. Jibu linarudi: hakuna tatizo. Nani kajibu? Limeandikwa wapi? Mfupa ukiunga vibaya, baraza la Zanzibar haliwezi kumfutia usajili mtu asiyekuwemo kwenye daftari lake, na Mpemba aliyeepushwa safari ya kutibiwa atalazimika kuvuka bahari kwenda kushitaki. Gharama hiyo haitajwi na wanaosifu wepesi wa simu.

Kinachofaa kulegezwa ni njia ya kusajiliwa. Daktari wa Bara atambuliwe kwa leseni yake hai, asianze upya, ila akubali kwa maandishi kuwa malalamiko ya mgonjwa wa Zanzibar yatasikilizwa Zanzibar. Marudio ya presha, sukari na mshono yaende kwa simu, pale mgonjwa alipokwishaonwa ana kwa ana na faili lake lipo. Maumivu ya kifua, tumbo gumu, mtoto mwenye homa: hao wanahitaji kushikwa na kupimwa, na daktari wa kwenye simu alazimike kuwaelekeza kituo cha karibu saa hiyohiyo, kwa maandishi yenye jina lake.