Sungura wa Busia

Ubishi wote ulianzia kwa Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania. Kwenye kikundi chetu cha mbio pale Busia, upande wa Uganda, yumo dereva wa lori kutoka Tanga. Foleni ya mpakani ikimkwamisha, anakuja kukimbia nasi, na akija kukimbia nasi lazima amtaje Bayi. Kwamba mwaka 1974 kule Christchurch alishika uongozi tangu bunduki ilipolia, akawaburuza wenzake mita 1500 zote na kumaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Kwamba mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akaichukua na rekodi ya maili kwa 3:51.0.

"Na mbele yake kule Christchurch alikuwepo nani?" hutuuliza, mikono kiunoni. "Upepo tu!"

Mwalimu wetu hakubaliani naye hata kidogo. Ni mzee aliyestaafu kufundisha michezo, na filimbi yake haijastaafu. Kwake maili ni mbio ya kusaidiana. Roger Bannister, tarehe 6 Mei 1954, aliposhuka chini ya dakika nne pale Oxford kwa 3:59.4, alitanguliwa na sungura wawili, yaani wakimbiaji wa kumwekea kasi, kwa zamu, Brasher kwanza, kisha Chataway. Hata Joshua Cheptegei wetu, mwana wa Kapchorwa, alipokimbia mita 5000 kwa 12:35.36 huko Monaco mwaka 2020, walikuwepo wa kumwekea kasi, na pembeni mwa njia taa za kuonyesha kasi zilikuwa zikikimbia naye.

"Sasa wewe," akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimekaa kimya nikifunga kamba za viatu, "wewe mwenye kitambi cha rolex, unataka kukimbia peke yako kama Bayi?"

Sikuwa nimesema nataka chochote. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta nikisubiri mtandao urudi, na kijana wa rolex, yaani chapati na mayai, ameegesha jiko lake mlangoni petu. Daktari ndiye aliyenituma kwenye mbio. Maili kwa dakika saba ilikuwa ndoto ya Mwalimu, siyo yangu. Alishanipigia hesabu: robo moja ya maili kwa dakika 1 na sekunde 45, mara nne. (Hicham El Guerrouj wa Moroko, mwenye rekodi ya dunia ya maili, 3:43.13, robo hiyohiyo aliimaliza kwa wastani wa sekunde chini ya 56. Mwalimu alinieleza hilo eti kunitia moyo.)

Shida yangu ilikuwa ileile ya kila mgeni wa maili. Robo ya kwanza naondoka kama nimeitiwa pilau, ya pili najuta, ya tatu sijui niko wapi. Dawa yake, kwa mujibu wa Mwalimu, ni sungura. Na kwa kuwa hakuna binadamu wa pale ambaye angekubali kuamka saa kumi na moja alfajiri ili anikimbilie mbele bure, akamkodi kijana wa boda ya baiskeli.

Baiskeli hizo msizidharau. Biashara ya boda ilizaliwa papa hapa mpakani, kwa magurudumu mawili na misuli ya mapaja, pikipiki zikaja baadaye. Ya kijana huyu ilikuwa na kiti cha nyuma cha sponji chenye vishada vyekundu, na kwenye kizuia-tope maandishi ya rangi nyeupe: HARAKA YA NINI.

Njia yenyewe tuliipima kwa baiskeli hiyohiyo. Mwalimu alifunga kitambaa kwenye spoki, kijana akaisukuma, mzee akatembea ubavuni akihesabu. Gurudumu likizunguka mara moja linakula mita 2 na sentimita 20, maili ni mita 1,609, kwa hiyo mizunguko 731 na kipande. Dereva wa Tanga alicheka, lakini hapo Mwalimu alikuwa na haki. Hata mbio kubwa za barabarani hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni. Tukaanzia kituo cha mafuta nje ya mji, tunashuka barabara kuu kuelekea mpakani, halafu tunakata kushoto penye mwembe na kumaliza mbele ya geti la shule.

Siku ilipofika nikapewa amri moja tu. "Usiangalie saa. Usiangalie watu. Tazama gurudumu la nyuma. Likienda, nenda."

Filimbi ikalia. Tukaondoka.

Robo ya kwanza, ajabu, nilikuwa nimetulia. Baiskeli inalia nyi-nyi-nyi, vishada vinacheza, mimi nyuma. Robo ya pili kifua kikaanza kuwaka lakini gurudumu likaenda, nami nikaenda. Robo ya tatu ndiyo ile ninayoijua, dunia inakuwa finyu kama bomba, na ndani ya bomba hilo hakuna kitu isipokuwa HARAKA YA NINI. Nakumbuka nilisikia simu ikilia. Nakumbuka sauti ya kijana ikisema, "Ndiyo mama, niko njiani, usipande ya mwingine." Maneno hayo yalipita kichwani kama matangazo ya redio ya jirani.

Kisha nikasikia filimbi ya Mwalimu ikilia mfululizo, priii, priii, priii, na watu wakipiga kelele upande wa kushoto. Moyo ukanijaa. Nikasema, leo wananishangilia! Nikaongeza mwendo.

Mwembe ulikuwa kushoto. Gurudumu lilikwenda mbele.

Kwenye foleni ya malori baiskeli ikajipenyeza, nami nikajipenyeza. Harufu ya dizeli, turubai, mtu anapiga mswaki kwenye ngazi ya lori lake, yote niliyaona kwa pembe ya jicho. Kulikuwa na kizuizi, kijana akapita ubavuni kama wapitavyo watu wa boda kila siku, nami nikapita ubavuni. Mtu akasema "Wewe!" Nilidhani ananisifu.

Sasa jiweke mahali pa wale waliokuwa wamesimama ng'ambo asubuhi ile, upande wa Kenya, wakingoja abiria na mizigo. Unaona baiskeli inakuja mbio. Nyuma yake jitu zima, fulana imelowa, macho yametoka, mkono umenyooshwa mbele. (Mkono ule hunyooka wenyewe nikichoka, Mwalimu amejaribu kuukunja akashindwa.) Wewe ungewaza nini?

"Mwizi! Mshike huyo wa baiskeli!"

Wakamshika. Baiskeli huku, kijana kule, ndala moja mtaroni. Gurudumu likasimama, kwa hiyo nami nikasimama. Jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kubonyeza saa.

Kwa bahati askari alifika kabla mikono haijaanza kazi. Akawatawanya, akamsimamisha kijana, akanigeukia mimi niliyekuwa nimejikunja kama ndoano.

"Amekuibia nini?"

Nilitaka kumwambia, afande, nipe dakika moja nipate pumzi. Ikatoka nusu.

"Dakika..."

"Amekuibia nini?"

"Dakika... dakika..."

Umati ukapokea. "Amemwibia dakika!" Mama mmoja mwenye gunia la omena akatikisa kichwa kwa huzuni. "Watoto wa siku hizi. Mtu anaweka vocha, wanamhamishia zote." Mwingine akashauri simu ya kijana ikaguliwe. Kijana wa watu analia kwamba mimi ni mteja wake, nimemlipa anikimbie, na jinsi alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Nani humlipa mtu amkimbie?

Nilipopata pumzi nikaeleza yote, sungura, Bannister, robo ya tatu. Afande alisikiliza kwa heshima. Kisha akaomba kitambulisho. Tangu mwaka 2014 sisi wa Uganda tunaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa tu, jambo jema sana, ila kaptura yangu haina hata mfuko. Nikasimama pale nje ya nchi yangu kwa kaptura, hadi alipofika mama mmoja mbadilisha fedha anayenijua, akanidhamini kwa maneno haya: "Huyu ni mtu wa forodha, afande. Hajawahi kukimbia, hata mimi nashangaa."

Kurudi Uganda nilirudi nikitembea, nyuma ya kijana anayekokota baiskeli. Yule mteja aliyempigia simu ndiye mama wa omena, na alikuwa ameshapanda ya mwingine. Kijana akanisomea bili: nauli ya kuvusha mpaka, hasara ya abiria, ndala, fidia ya kuitwa mwizi. Alitaka alipwe kwa shilingi za Kenya, kwa kuwa mambo yote yametokea Kenya.

Kwenye mwembe dereva wa Tanga alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Bayi," alijaribu kusema, "Bayi asinge..." akashindwa kumaliza.

Mwalimu hakucheka. Alinishika mkono akasoma saa. 6:52.

"Ulibonyeza wapi hasa?"

"Pale walipomkamata."

Macho yakamwangaza. Kama pale ni zaidi ya maili, basi nimeshuka chini ya saba, haijalishi nchi gani. Papo hapo akamrudisha kijana kituo cha mafuta, kwa malipo mengine, wakaanza kupima upya, kitambaa kwenye spoki, mzee akihesabu kwa sauti ili asikosee. Nikawafuata na kitambulisho chake mkononi, maana yeye alishasahau kila kitu isipokuwa hesabu. Wakapita mwembe, wakapita malori, wakafika kizuizini.

"Mia saba ishirini na sita, mia saba ishirini na saba..."

"Shikamoo mzee," akasema afande. "Unahesabu nini?"

"Marahaba mwanangu," akajibu Mwalimu, na uso wake ukabadilika.