Boila Inapojibu Kinyume: Hesabu Kwanza au Karakana Kwanza?

Kila mwaka somo la mifumo ya udhibiti linapoanza, malalamiko huwa yale yale. Wanafunzi wa uhandisi hulia kwamba wametumbukizwa kwenye hesabu za Laplace, zile za kugeuza milinganyo ya mabadiliko iwe aljebra, kabla hawajashika vali hata moja. Wahadhiri nao hujibu kwamba asiyezijua hesabu hizo atabaki kubahatisha maisha yake yote. Nimeonja pande zote mbili: nilifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha sukari kwenye ukanda wa miwa wa Kisumu, na siku hizi nafundisha vipindi vichache chuoni. Naegemea karakana, nikiri mapema, ingawa sababu zangu si zile za wanafunzi.

Kwa asiyelijua somo lenyewe, nianze na mashine ya kuangulia vifaranga. Huku Magharibi mwa Kenya kuku ana heshima yake, na sanduku hili ni mradi unaompendeza mwanafunzi na nyumbani kwao pia. Mayai yanataka joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Ndani ya sanduku mna sensa ya joto, koili ya kupasha, na kidhibiti kinacholinganisha joto lililopo na lile linalotakiwa. Likipungua, koili inawaka; likizidi, inazima. Huko kurudi kwa habari ya matokeo ili iongoze kitendo kinachofuata ndiko kunakoitwa mrejesho, na somo zima limejengwa juu yake. Jiko la makaa halina mrejesho. Mpishi ndiye mrejesho.

Mwanafunzi akilipiga misumari sanduku hilo mwenyewe, kitu cha kwanza kumshangaza ni kwamba joto halitulii. Koili inazimwa kwenye 37.5, lakini bado ina moto, basi joto linapanda hadi 38 na zaidi. Likishuka, koili inawashwa, ila nayo inachukua muda kupata moto, na joto linazidi kuporomoka. Kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Akiona hivyo, ameshakutana na adui mkubwa kuliko wote katika fani hii: kuchelewa. Habari inafika ikiwa imechelewa, hatua inachukuliwa ikiwa imechelewa, na kidhibiti kinasahihisha kosa ambalo limeshapita. Nimeona vijana wakisomewa jambo hili ubaoni wiki tatu bila kulielewa, kisha wakalielewa jioni moja wakiangalia kipimajoto.

Watetezi wa karakana wana historia upande wao. James Watt alifunga kidhibiti mwendo chenye vyuma viwili vya mviringo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na hakuwa na hesabu ya kukielezea. Kilifanya kazi. Ilipita miaka 80 ndipo mwanafizikia James Clerk Maxwell, mwaka 1868, akaandika uchambuzi wa kihesabu wa vidhibiti vya aina hiyo. Mashine ilitangulia, nadharia ikafuata. Kwa nini basi tumfundishe mtoto kinyume cha njia aliyopita babu?

Hoja nzuri, lakini haijamaliza hadithi. Maxwell hakukaa kuandika kwa kukosa shughuli. Vidhibiti vile vilikuwa na tabia ya kuyumba: injini inakimbia, inazubaa, inakimbia tena, bila kutulia. Na kadiri mafundi walivyochonga vyuma laini zaidi, msuguano uliokuwa ukituliza mtikisiko ulipungua, na kuyumba kukazidi. Ufundi ulipoboreka, tatizo likakua. Fundi mwenye mkono mzuri angeweza kurekebisha injini iliyo mbele yake, lakini asingeweza kukuambia kwa nini ile ya jirani inakataa.

Hapo ndipo kiwandani kuliponipa somo ambalo sijalisahau. Boila ya kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa ili kuchemsha maji yawe mvuke, na juu yake kuna pipa kubwa la chuma ambamo maji na mvuke hukutana. Kiwango cha maji kwenye pipa hilo ni uhai. Kikishuka mno, mabomba yanakauka na kuungua. Kikipanda mno, maji yanabebwa na mvuke hadi kwenye turbini, gurudumu linalozungushwa na mvuke huo. Kazi inaonekana rahisi kuliko ya mayai: maji yakipungua, ongeza, yakizidi, punguza.

Sasa tuseme upande wa kuchemshia sukari umefungua mvuke mwingi kwa ghafla. Mvuke unaondoka, kwa hiyo maji kwenye pipa yanapungua. Lakini presha nayo imeshuka, na presha ikishuka, mapovu yaliyo ndani ya maji yanavimba na kuyasukuma juu. Kioo cha kusomea kinaonyesha maji yamepanda! Kidhibiti kinachoangalia kiwango peke yake kinapunguza maji ya kulisha boila, wakati ule ule yanapohitajika zaidi. Mapovu yakitulia, kiwango kinaanguka kama jiwe. Zamu moja tulikaribia kuizima boila kwa sababu hii hasa, na mzee mwenye uzoefu kutuzidi sote ndiye aliyefunga vali ya maji kwa mkono, akiamini macho yake. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mfumo unaojibu kinyume kwanza, kisha ndipo ujibu inavyotakiwa, hauna huruma kwa mkono uliozoea. Dawa yake inajulikana: kidhibiti kisisome kiwango tu, kisome pia kiasi cha mvuke unaotoka na cha maji yanayoingia, kiyalinganishe yote matatu. Hiyo dawa unaweza kuipachika bila kujua hesabu. Kujua ni haraka kiasi gani unaweza kukiamuru kidhibiti kabla hakijageuka kuwa adui, hapo huwezi kukwepa karatasi.

Na si boila tu. Kule Sondu Miriu, kituo cha umeme wa maji cha megawati 60, maji ya mto Sondu hupita kwenye handaki refu, kisha hushuka kwa bomba kubwa hadi kwenye turbini. Gridi ya umeme inataka hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mahitaji yakiongezeka lango la turbini hufunguliwa zaidi. Lakini maji yaliyo kwenye bomba refu ni mazito, hayakurupuki. Kwa muda mfupi presha kwenye turbini hushuka na nguvu hupungua kabla ya kuongezeka. Moto wa makapi kule, maji ya mto huku, na kwenye karatasi ni mlinganyo wa sura ile ile. Huu ndio utetezi wa hesabu ninaouheshimu: ukiujua mmoja, umeujua wa pili kabla hujaufikia.

Kuna utetezi mwingine ambao hausemwi kwa sauti, wa umaskini. Meza moja ya maabara ikizungukwa na vijana kumi, wawili wanafanya na wanane wanatazama. Karatasi na kalamu zinawatosha wote. Siku hizi kuna programu za bure za hesabu kama Scilab na Octave, na mwanafunzi mwenye kompyuta ndogo anaweza kuiga boila nzima akiwa chumbani kwake Maseno. Nazipenda, ila zina uongo wake. Vali ya kwenye kompyuta haikwami kwa kutu. Sensa yake haijafunikwa na masizi.

Kuhusu wale wanaodai viwanda vinataka tu mtu wa kuprogramu vidhibiti vya kielektroniki, nitapita haraka. Kazi hiyo mhitimu wa politeknik anaifanya vizuri, pengine kutuzidi. Kama shahada ya miaka mitano inaishia hapo, wazazi wameibiwa karo.

Mimi ningeanza na sanduku la mayai, wiki mbili nzima, bila herufi ya Laplace. Liyumbe, wakasirike. Kisha hesabu zije kama jibu la hasira hiyo, na muhula uishie kwenye boila. Kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, ya kurekebisha vidhibiti, ningeiweka katikati, kwa sababu inasimama na mguu mmoja kila upande: unaongeza nguvu ya kidhibiti hadi mfumo uanze kuyumba mfululizo, unapima muda wa mzunguko mmoja, ndipo unakokotoa mipangilio ya kidhibiti. Kwenye sanduku la mayai ni burudani. Kwenye boila yenye presha, nani atakayeijaribu?

Ningebadilisha pia mtihani. Swali moja tu: huu hapa mchoro wa kiwango cha maji baada ya mvuke kufunguliwa, eleza kwa maneno kwa nini kimepanda, kisha kwa hesabu onyesha kidhibiti kiende kasi gani. Nilimpelekea mwenzangu pendekezo hilo. Akalisoma, akanyamaza, kisha akaniuliza nani atasahihisha insha tisini kabla ya Ijumaa.