Mcheza Kwao Hutunzwa, Hapapaswi

Korosho zikishauzwa, Mtwara haina Jumamosi tulivu. Minada inaanza Oktoba, hela zinaingia kidogokidogo, na ikifika Desemba shule zimefungwa na kila mtaa una turubai lililoziba njia. Huku harusi, kule watoto wanatolewa jandoni, na katikati spika za didjei zinagombana na ngoma za Wamakonde. Napenda, nimekulia humo. Ila kuna tabia imeingia uwanjani ambayo nimechoka kuichekea.

Juzi nilikuwa harusini Mikindani. Dada mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu mzima na watoto wake, alikuwa ameingia kati, kitenge kiunoni, anayarudi kweli. Akaja kaka mmoja na noti nyekundu ya elfu kumi. Tukapiga vigelegele, maana kutunza ni heshima. Noti ikapita shingoni, ikashuka, na vidole vikashuka nayo. Dada akarudi nyuma, yule kaka akamfuata. MC naye kwenye maiki: "Mtunze huyo, mtunze!" Elfu kumi, jamani. Bei ya kilo chache za korosho ghafi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hupapaswa. Kwetu tulifundishwa hivi: unaingia unacheza, unampa mtu mkononi au unaweka kwenye chombo mbele ya wapigaji, unatoka unacheza. Hukai katikati kama umekodi uwanja. Na wapigaji usiwasahau. Wao ndio waliozianika ngoma motoni mpaka ngozi zikakaza, huku wewe unalalamika kwamba mambo yamechelewa kuanza.

Ukimsema mtu wa namna hiyo, atakujibu kwamba ngoma zetu zenyewe ndizo chokozi. Maneno ya zamani hayo. Miaka ya 1960 sindimba, ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno, ilipotolewa huku kusini ikapandishwa jukwaani na kikundi cha ngoma cha taifa, walikuwepo waliosema ni matusi matupu. Mimi naona matusi yako kwa mtazamaji. Kiuno kinachokatwa sindimba kina shule yake, kina miaka ya kujifunza, na anayekikata anaongea na mpiga ngoma, haongei na wewe uliyesimama na soda. Bibi yangu alikuwa akituambia tukiwa wasichana: "Uwanjani macho ni ya wote, mwili una mwenyewe."

Mbona kwenye midimu, ngoma yetu ya vinyago, tunaweza? Mcheza kinyago akitokea, mlevi gani anathubutu kumvua uso, au kutaja kwa sauti jina la aliye ndani hata kama viatu vyake anavijua? Hakuna. Heshima ya kutogusa tunayo, tumeamua tu nani astahili.

Kwenye muziki wa dansi mambo ni mepesi zaidi, au yangekuwa mepesi. Unamfuata mtu, unasema, "Dada, tucheze huu mmoja?" Akijibu, "Miguu inauma, kaka," basi inauma. Usimvute mkono, usimuulize mbona na yule alicheza. Miguu huuma kwa zamu. Na kina dada wenzangu, mkatalieni mtu bila kumcheka mbele ya meza nzima. Naye ametembea hatua nyingi kufika hapo.

Halafu simu. Hizi tochi zinazomulikwa kwa chini wakati mtu anacheza, kisha kesho yuko kwenye magrupu ya watu asiowajua, na kichwa cha habari juu. Mwenye shughuli amwambie MC atangaze mapema: picha za maharusi ruksa, wachezaji uwaombe kwanza. Wali, wasichana wanaotoka unyagoni, wasipigwe picha kabisa. Hao ni watoto, na hilo halihitaji mjadala.

Nirudi Mikindani. Nilimfuata MC, nikamshika bega, nikamwambia, "Mwanangu, huyo unayemshangilia anamdhalilisha dada wa watu." Akanyamaza, nadhani kwa aibu ya umri wangu. Dada alikuwa ameshatoka, amekaa na mashangazi, kitenge amejifunika mabegani. Ile noti ilikuwa imeanguka vumbini na hakuna mtu mzima aliyeinama kuiokota. Mwisho mtoto mmoja akaichukua, akaipangusa kwenye kaptula, akawapelekea wapiga ngoma.