Tunachokikinai Si Maji

Mtu mzima anapojifunza kuogelea, mwaka wa kwanza humpa zawadi kila wiki: leo ameweza kutoa pumzi majini bila kupaliwa, wiki ijayo ameachia ukingo, mwezi ujao amefika upande wa pili. Kisha zawadi hizo hukatika. Hubaki bwawa la mita 25, mstari mweusi sakafuni, na mita 1,500 ambazo maana yake ni kuutazama mstari uleule mara 60. Wengi niliojifunza nao waliachia hapo, na sidhani kama ulikuwa uvivu, walikinai.

Nami nilikaribia kuacha. Nilifika hatua ya kukijua kigae kimoja kilichopasuka, kule kwenye kina kirefu, kama ninavyoijua sura ya jirani, na kila nilipokipita nilihesabu safari zilizobaki. Jioni moja kocha wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alichuchumaa ukingoni akaniuliza, "Mzee, hapo umepiga mikono mingapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeogelea dakika 40 nisijue lolote kuhusu nilichokuwa nikikifanya. Alinirudisha nihesabu kwa safari moja, nikapata 27. Akataka 25 kwa muda uleule. Nilijaribu mara nane, nikafaulu mara mbili, na taa za bwawa zilipowashwa nilishangaa kwamba giza limeshaingia.

Ndiyo maana siuamini sana ushauri wa kuvaa vifaa vya muziki masikioni ili muda uende. Muziki humsaidia mtu asahau kwamba anaogelea, ilhali aliyekinai amekwisha kusahau siku nyingi. Mita 400 za mfululizo kwa mwendo mmoja ni safari 16 zisizomuuliza mtu chochote; lakini zikigawanywa katika vipande vinane vya mita 50, na kila kipande kikianza dakika moja na nusu baada ya kilichotangulia kuanza, atake asitake atajua kama anachelewa, na kwa nini.

Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alianza kuogelea akiwa mtu mzima, miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, ambako alimaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Watu wengi hukumbuka jinsi alivyohangaika katika mita za mwisho. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata: aliendelea na mazoezi, akashuka hadi chini ya dakika moja.

Kwa sisi wa Dar es Salaam ipo pia bahari, ambayo haijirudii. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi jioni na kupwa kwenye saa nne asubuhi, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba hupangwa na mwezi na si na mwogeleaji. Nakwenda mara mbili kwa mwezi, maji yanapojaa, pamoja na wenzangu wawili, kwa kuwa peke yangu sithubutu. Nikirudi bwawani, ule mstari mweusi huniwia kama rafiki, walau kwa siku mbili tatu.

Kocha sasa anataka 23. Nimekwama kwenye 24, na ule mkono mmoja wa mwisho kabla ya kugusa ukuta bado sijajua niupunguzie wapi.