Nani alipe kodi ya ofisi? Vyama vidogo vya Goma kati ya michango na wafadhili

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Wiki moja baadaye, tarehe 27, waasi wa M23 waliingia Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo. Kwa chama kidogo cha kijamii cha mtaa wa Himbi au Ndosho kilicholipa wahamasishaji wake kwa pesa iliyotoka Washington na kupitia shirika kubwa la kimataifa, mambo hayo mawili yalifika kwa mpigo: barua ya kusimamisha kazi, na benki zilizofunga milango. Mwaka uliotangulia, Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi, na wale waliokuwa bado wanangoja barua nyingine wakaacha kungoja.

Tangu hapo, kila mkutano wa vyama ninaohudhuria hapa mjini unaishia kwenye ubishi uleule. Wengine wanasema basi, tuachane na wafadhili, chama kiishi kwa michango ya wanachama wake. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Wengine wanajibu kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba, kwa sababu mama anayeuza samaki sokoni Kituku hawezi kubeba kwa mchango wake kazi iliyowashinda wenye mamlaka. Ubishi huu naufuatilia kwa makini, kwani uhai wa vyama ninavyovithamini unategemea jibu lake. Na naona tunarukia swali kubwa kabla ya kumaliza lile dogo linaloamua mengine: nani analipa kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu?

Wanaotetea michango wana ushahidi, na hauko mbali. Mitaa yetu imejaa AVEC, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana ambavyo mfumo wake ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Anayetaka kuona pesa inavyosimamiwa vizuri aende akakae kwenye kikao chao. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mwanachama wake. Mmoja asipokuja, sanduku halifunguliwi. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, noti kwa noti, na salio linatangazwa kwa sauti kabla ya kufunga. Kikao kijacho kinaanza kwa kuwauliza wanachama: tulifunga na ngapi? Hata mama asiyejua kusoma anajibu, kwa sababu ameibeba hesabu hiyo kichwani wiki nzima. Aliyetoa 2,000 franka zake mwenyewe anauliza maswali ambayo mshiriki wa semina ya bure hawezi kuyauliza. Huo ndio uzito wa hoja yao, na sijaona mfumo wa wafadhili unaoufikia.

Tatizo ni kwamba AVEC na ASBL, yaani chama cha kisheria kisichotafuta faida, ni vitu viwili tofauti. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema wazi kuwa ASBL haitafuti kuwapatia wanachama wake faida ya mali. Akiba ya AVEC ni ya wenyewe, na mzunguko ukiisha wanagawana. Pesa ya ASBL inatakiwa iende kwa mwingine: msichana aliyeacha shule, yatima, familia iliyokimbia Masisi. Mtu anaweza kujinyima kila wiki akijua pesa itarudi kwake mwezi wa kumi na mbili. Kumwomba ajinyime hivyohivyo kwa ajili ya mtoto wa jirani ni ombi zito zaidi. Wapo wanaoliitikia, na nawaheshimu sana, lakini ni wachache kuliko tunavyopenda kusema kwenye hotuba.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa michango huliruka. Balaa la Goma huja kwa wote siku moja. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, mama wa yatima na mwanachama aliyekuwa akimchangia walikuwa kwenye barabara moja kuelekea Sake, wote na godoro kichwani. Mwaka 2025 ikawa vilevile. Michango hukauka mwezi uleule ambao kazi ya chama inahitajika kuliko miezi yote. Pesa kutoka mbali, pamoja na ubaya wake, ina sifa hii: anayeitoa hajapigwa na balaa hilohilo. Tena chama kinachoishi kwa michango peke yake huanza polepole kuwahudumia wanaochanga. Aliyekuwa kambini Bulengo au Lushagala hakuwa na cha kuchanga, na asiye na kadi ya uanachama husahaulika bila hata mtu kukusudia kumsahau.

Basi twende kwa wafadhili. Mwaka 2016 huko Istanbul, nchi wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana, katika mkataba walioupa jina la Grand Bargain, kwamba ifikapo mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya pesa za misaada iwafikie wahudumu wa nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita na lengo halikufikiwa. Pesa iliendelea kushuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikikata gharama zake za usimamizi, na chama cha mtaani kikapokea kilichobaki pamoja na masharti yote ya ngazi zilizotangulia.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Tuchukue mfano, na namba zake ni za kueleweshea tu. Chama kinapata dola 20,000 kufundisha wasichana ushonaji kwa miezi sita. Mifuko ya pamoja inayosimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, huruhusu gharama za uendeshaji zisizozidi asilimia 7. Tuseme chama chetu kimebahatika kupewa kiwango hicho chote, yaani dola 1,400. Mhasibu wa nusu siku ni dola 150 kwa mwezi, chumba cha ofisi 50, intaneti na simu 30, uchapishaji na usafiri 40. Jumla ni 270 kwa mwezi, 1,620 kwa miezi sita. Tayari tumepungukiwa dola 220. Lakini chama hakiishi miezi sita. Kuna miezi ya kuandika mradi kabla ya kupewa hata franka moja, na miezi ya ripoti na ukaguzi baada ya mafunzo kwisha. Kwa mwaka mzima mlango kuwa wazi unagharimu dola 3,240, na mradi umelipa chini ya nusu.

Pengo hilo linazibwa na nini? Kila anayefanya kazi hii anajua. Mkufunzi anasaini mshahara wa dola 200 na kurudisha 60 kwa chama. Orodha ya semina ina majina 40 wakati viti vilikuwa 30. Kwenye soko la Virunga anayekuuzia vitambaa hana fakture, yaani ankara ya mauzo, wala muhuri, kwa hiyo kitabu cha fakture kinanunuliwa kitupu na kujazwa ofisini jioni. Walio wengi kati ya wanaofanya hivyo hawajengi nyumba kwa pesa hiyo. Wanalipa kodi ya ofisi. Hata hivyo uongo wa kulipa kodi hufundisha mikono uongo mwingine. Mweka hazina akishazoea kutengeneza karatasi kwa ajili ya chama, siku atakapotengeneza moja kwa ajili yake mwenyewe hakuna atakayeweza kuitofautisha.

Wafadhili wana jibu lao, na si la kupuuza. Goma imejaa vyama vya kwenye mkoba: mume ndiye rais, mke mweka hazina, shemeji katibu, na ofisi inafunguliwa siku ya mgeni kupita. Mwaka 2020 jarida la The New Humanitarian lilichapisha uchunguzi juu ya udanganyifu katika misaada ya mashariki mwa Kongo, wenye orodha za waliohama zilizotiwa chumvi na hongo zilizopita mikono mingi. Afisa anayesoma hayo akiwa Brussels atauliza kwa haki: nikiongeza pesa za ofisi, nitajuaje kwamba kuna ofisi? Ila uchunguzi huohuo uliwagusa wafanyakazi wa mashirika makubwa ya kimataifa, yenye idara nzima za ukaguzi na magari yenye antena. Kubana asilimia ya chama kidogo hakukuzuia wizi huo. Kulichofanikiwa ni kukinyima chama kidogo mtu wa kukaa na daftari. Hata Marekani, ambayo si mfadhili mlegevu, ilipandisha Oktoba 2024 kiwango chake cha kawaida cha gharama za uendeshaji, kwa asiye na makubaliano maalumu, kutoka asilimia 10 hadi 15. Mabadiliko hayo yalikuja miezi mitatu tu kabla ya bomba lenyewe kufungwa.

Baadhi ya wenzangu wanapendekeza njia ya katikati: michango ilipe ofisi, ufadhili ulipe kazi. Inavutia masikioni, nami niliipenda mpaka nilipoipigia hesabu. Chama chenye wanachama 60 wanaotoa 2,000 franka kwa mwezi kinakusanya 120,000, pesa inayozunguka dola 50, na hiyo ni miezi ambayo wote wametoa. Itumike kumlipa mhasibu anayejaza fomu za mfadhili kwa lugha ya mfadhili? Hapo mama wa Kituku anakuwa ndiye anayemfadhili tajiri wa Ulaya. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Mstari ninaouona wa haki unapita mahali pengine. Wanachama walipe kile ambacho chama kingehitaji hata kama mfadhili asingekuwepo: mahali pa kukutania, mkutano mkuu wa mwaka, daftari la pesa na mtu wa kulitunza. Mfadhili alipe kila kinachozaliwa na matakwa yake, kuanzia mkaguzi wa nje, ripoti za kila mwezi, makato ya kutuma pesa kwa simu na safari ya kuvuka hadi Gisenyi, Rwanda, kuchukua pesa benki za huku zinapofungwa, hadi miezi ya kufunga mradi. Asiyekubali kulipa hayo akataliwe. Najua neno hilo ni gumu kwa rais wa chama mwenye wahamasishaji wanaodai mishahara ya miezi minne. Ila kabla ya kukataa lazima ajue mlango wake unagharimu kiasi gani kwa mwaka, na vyama vingi nilivyovifikia havina namba hiyo.

Kwenye hesabu tuna msaada ambao wengi hawajauona. Mfumo mpya wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, wa hesabu za mashirika yasiyo ya faida, SYCEBNL, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na nchi yetu imo ndani ya OHADA tangu 2012. Wengi waliusikia wakauogopa. Lakini una ngazi ya chini kwa vyama vidogo inayotegemea kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na orodha ya mali na madeni. Mweka hazina wa AVEC ya Ndosho mwenye daftari la mistari amekwisha kuanza kazi hiyo bila kuambiwa. Chama kinachoweza kumwonyesha mfadhili daftari la miaka miwili la michango yake, hata kama jumla ni ndogo, kinajadili kikiwa kimesimama.

Pesa nyingine zipo, na sizibezi: sadaka za makanisani, ndugu walio nje, viti na mahema ya kukodisha kwenye harusi na misiba. Sheria ya 2001 inaruhusu biashara ya namna hiyo mradi ibaki ya pembeni. Nimeona viti vikilipa kodi. Nimeona pia chama kikigeuka kampuni ya viti.

Kinachobaki ni mhasibu, ambaye michango haimfikii na mfadhili hamtaki. Pendekezo langu ni kwamba vyama sita vya mtaa mmoja vimwajiri mmoja kwa pamoja. Mshahara wa dola 300 ukigawanywa kwa sita ni 50 kwa kila kimoja, naye anakaa na kila chama siku moja kwa wiki. Nusu ya hizo idaiwe wazi kwenye kila bajeti inayopelekwa kwa mfadhili, kwa maneno yaleyale na kiasi kilekile, ili asiwepo wa kuambiwa kwamba jirani yake ni rahisi zaidi. Mtu anayelipwa na vyama sita rais mmoja hawezi kumtisha ajaze fakture tupu. Nilipolitaja hili kwenye kikao mtaani Keshero, pingamizi la kwanza halikuhusu pesa. Mzee mmoja alisema: “Kwa hiyo wenzetu wataona madaftari yetu?” Ndiyo, mzee wangu, wataona. Akina mama wa sanduku la kufuli tatu wanaonana kila wiki, na bado wanakopeshana.